Pua Ile Haikuwa Yake

Picha ilinifikia kwa WhatsApp saa tatu usiku, na chini yake swali moja: "Kwani pua yangu ni kubwa hivi?"

Aliyeituma ni mdogo wangu. Ukitaka kuwa mkali wa nasaba ni binamu, mtoto wa waya, yaani shangazi yangu, ila kwetu hapa Kamagambo hesabu hiyo hatuifanyi kama mmelelewa na dani mmoja, jikoni moja. Ana miaka 19, urefu futi 5 na inchi 10, na tangu kidato cha pili kila mgeni anayeingia bomani anamwambia aende Nairobi akawe modo. Safari hii alikuwa ameamua. Alikuwa amepata wakala mmoja wa wanamitindo, wakamwambia atume picha, naye akaingia studio moja mjini Rongo akalipa shilingi 600 kwa picha nne.

Niliitazama ile picha muda mrefu. Pua ilikuwa kubwa kweli. Paji la uso lilikuwa limesukumwa mbele kama boneti ya Probox, na masikio yamejificha nyuma ya mashavu. Kilichonisumbua ni kwamba pua hiyo naijua. Ni pua ya dani, ni pua ya marehemu babu, ni pua yangu mimi ninayoipenga kila msimu wa mvua. Si ndogo, sitakudanganya. Lakini si ile.

Mimi si mpiga picha. Ni mwandishi wa vibarua, niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na siku hizi nakula kwa kuandika maelezo ya bidhaa za watu na, nikibahatika, makala kama hii. Lakini nimekaa sana kwenye studio ya rafiki yangu karibu na stendi (si ile aliyoingia mdogo wangu, niseme mapema), kwa sababu ana stima ya uhakika na haninyimi chaji. Kukaa huko kumenifanya mhakiki wa picha bila kupenda. Nimesikia vijana wa kamera wakibishana hadi usiku, na ubishi wao wote huishia kwenye nambari moja. Themanini na tano. Ukipiga picha za wanamitindo, omera, nunua milimita 85. Wanaisema kama amri ya kanisa. Asiyekuwa nayo anasema anachanga pesa za kuinunua. Aliye nayo anaivaa shingoni siku ya mahafali ya chuo kama cheo.

Basi nataka kuihakiki amri hiyo, kama wengine wanavyohakiki riwaya. Kwa sababu naamini iliharibu zaidi ya pua moja.

Nianze na pua. Watu husema lenzi pana "inavuta" uso na lenzi ndefu "inaupendezesha". Maneno hayo yana makosa, na kosa lenyewe ni dogo lakini lina madhara. Lenzi haigusi umbo la uso. Kinachobadilisha umbo la uso ni mahali ulipokanyaga. Chukua hesabu ya darasa la sita: tuseme ncha ya pua ya mtu iko sentimita 12 mbele ya masikio yake. Ukisimama sentimita 40 kutoka puani, masikio yako sentimita 52 kutoka kwako, kwa hiyo pua iko karibu zaidi kwa kiasi kikubwa na itachorwa kubwa kuliko haki yake. Rudi nyuma mpaka mita mbili na nusu. Sasa pua iko sentimita 250 na masikio 262. Tofauti imekwisha, na kila kiungo kinarudi kwenye saizi aliyopewa na mama yake.

Hili halijaanza na sisi. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti kwenye jarida la upasuaji wa uso, baada ya kuona wagonjwa wakiingia kliniki na selfi mkononi wakiomba pua zipunguzwe. Walikokotoa kwamba picha iliyopigwa inchi 12 kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo kweli, na kwamba ukisogea hadi futi 5 tofauti hiyo karibu inaisha. Fikiria hapo. Kuna watu wamelala mezani wakakatwa pua kwa sababu mkono wa binadamu ni mfupi.

Nilipomweleza rafiki yangu wa studio alinicheka. Kwake lenzi ndiyo kila kitu, ndiyo maana ina bei. Nikamwambia tujaribu. Mdogo wangu alikuja Jumamosi, akaketi kwenye stuli. Rafiki yangu ana Canon ya mtumba yenye ile lenzi ya 18 mpaka 55 inayokuja na kamera, ile ambayo vijana huificha kabatini kama aibu. Tukapima mita mbili na nusu kwa futi ya fundi cherehani wa mlango wa pili. Picha ya kwanza kwa milimita 18, ya pili kwa 55, yeye akiwa palepale na sisi palepale. Ile ya 18 ilionyesha studio nzima, mpaka ndoo ya maji na viatu vyangu mlangoni. Tukaikata kwenye kompyuta mpaka ukabaki uso peke yake, tukaziweka picha mbili bega kwa bega.

Pua ileile. Masikio yaleyale. Ile iliyokatwa ilikuwa na chenga kidogo, basi.

Rafiki yangu alinyamaza. Mdogo wangu alisogea karibu na kioo cha kompyuta, akajitazama, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayedai deni: "Hiyo ndiyo yangu."

Sasa hapa ndipo uhakiki wenyewe unapoanza, kwa sababu kuna jambo jingine lilijitokeza ambalo sikulitarajia. Kamera nyingi za mtumba zinazozunguka Rongo na Awendo zina sensa ndogo, na kwenye sensa za Canon za aina hiyo unazidisha nambari ya lenzi kwa 1.6 ili kujua inaona upana gani ukilinganisha na kamera kubwa za wakubwa. Piga 55 mara 1.6. Utapata 88. Yaani ile 85 wanayoichangia pesa mwaka mzima, kwa upande wa sura ya mtu, wanayo tayari kabatini. Walipewa bure na kamera. Na ile 85 yenyewe wakiifunga kwenye kamera hizohizo inageuka kama 136, na hapo ukitaka kumpiga mwanamitindo wa futi 5 na inchi 10 mwili mzima, unyayo mpaka nywele, inabidi urudi nyuma kama mita 8. Studio ya kawaida hapa mjini ni futi 10 kwa 10. Utapenya ukuta, upite kwa fundi cherehani, utokee barabara kuu ya Kisii na Migori ukipiga picha huku trekta za miwa zinakupigia honi.

Kwa hiyo kama si uso, wanatafuta nini?

Wanatafuta ukungu. Hiyo lenzi ya kabatini ikifika 55 haiwezi kufungua kitundu chake zaidi ya f/5.6, na kwa kitundu hicho vitu vya nyuma vinalainika kidogo tu, bado unavitambua. Ile 85 inafungua mpaka f/1.8. Kwenye kamera yenye sensa kubwa, ukisimama mita 2, eneo linaloonekana wazi lina kina cha kama sentimita 6. Macho yako wazi, masikio yameanza kuyeyuka, na kila kilicho nyuma kimekuwa uji. Hicho ndicho kinachonunuliwa. Wanasema wananunua sura ya mtu, lakini risiti inasema wamenunua njia ya kufuta mahali alipo.

Nilikwenda kwenye ukurasa wa Instagram wa rafiki yangu nikahesabu picha zake 60 za mwisho. Wasichana kwa wavulana, gauni za mahafali, suti za harusi, mavazi ya dira. Nilijiuliza swali moja kwa kila picha: je, ningejua kwamba hii ni Rongo? Tatu tu. Na katika hizo tatu, moja ilikuwa ajali, kibao cha duka la dawa kilisimama karibu sana na bibi harusi kikakataa kuyeyuka. Nyingine 57 zilikuwa watu wazuri waliosimama mbele ya mchuzi wa kijani. Kijani kile nakijua ni miwa. Lakini mjukuu wao atajuaje? Kinaweza kuwa msitu wa Brazil, kinaweza kuwa pazia.

Nikamwonyesha. Naye alinijibu vizuri, na ni haki jibu lake liandikwe. "Omera, wewe unaandika, unaweza kuchagua neno. Mimi nyuma ya mteja nina mtaro, nina nyanya zilizooza, nina jamaa anakojoa ukutani. Mtu amelipa aonekane kama yuko mahali. Nimwonyeshe mtaro?"

Sina jibu la haraka kwa hilo. Mteja wake amevaa viatu vya kuazima, amekopa nauli, na anajua mtaro vizuri kuliko mhakiki yeyote. Kumwambia asimame mbele ya umaskini wake ili mimi niridhike ni ukatili wa aina yake. Na kudanganya mandhari si jambo geni. Studio za Afrika ziliishi kwa hilo. Seydou Keïta kule Bamako, kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, alitundika shuka lake la kitandani nyuma ya wateja, na leo mashuka yake yenye maua yanatundikwa kwenye makumbusho za Ulaya. Pale kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa, ndege, meli, majumba, na msafiri kutoka bara aliyefika pwani kwa mara ya kwanza alipigwa picha akiwa karibu na ndege ambayo hakuipanda. Alijua ni pazia. Nyumbani walijua ni pazia. Hakuna aliyeonewa.

Lakini tazama tofauti. Wale wa Likoni walipoondoa mtaro waliweka ndege. Pazia lile lilisema jambo: huyu mtu alitamani kusafiri, na alitamani kwa namna hii, kwa rangi hizi, mwaka huu. Ukungu wa f/1.8 unaondoa mtaro na hauweki kitu. Ni tamaa isiyo na picha ndani yake. Miaka 50 ijayo pazia la Likoni litakuwa ushahidi wa ndoto za watu. Ukungu wetu utakuwa ushahidi wa bei ya lenzi.

Kuna mpiga picha mmoja Mkenya anayenisaidia kuliona hili vizuri, Thandiwe Muriu wa Nairobi, aliyezaliwa 1990. Mfululizo wake unaoitwa CAMO umezunguka dunia, na ukiwaonyesha vijana wa kamera hapa watakuambia kwanza ni rangi. Ni rangi, ndiyo. Anachukua kitambaa cha nakshi kali, anakitundika nyuma, halafu anamshonea mwanamitindo vazi la kitambaa kilekile, hadi unashindwa kujua bega linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Machoni anamvisha miwani iliyotengenezwa kwa vitu vya jikoni na vya dukani, vile ambavyo mama yako anavyo. Lakini jambo ninaloliona mimi ni hili: hakuna ukungu. Kila uzi uko wazi, wa mbele na wa nyuma. Mwanamke yule angeweza kumezwa na kitambaa, na mchezo wote wa picha ni kwamba hamezwi. Ngozi yake nyeusi, nywele zilizosukwa kama usanifu wa jengo, na yale macho nyuma ya miwani vinamtoa nje bila msaada wa lenzi kufuta chochote. Wale wanaosema bila kuyeyusha nyuma modo "hatokei" waende wakaangalie CAMO kisha warudi tuzungumze.

Na nikirudi huku kwetu, kuna picha nyingine zinazonikera kwa njia iliyo kinyume. Mwaka 1936 Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, alipita nchi ya Wajaluo na kamera. Picha zake ziko Pitt Rivers Museum, Oxford. Mwaka 2007 baadhi ya picha za zamani kutoka kwenye hifadhi hiyo zilirudishwa Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, kukumbuka ya kale, yakapelekwa hadi kwenye maboma ya watu. Katika picha za aina hiyo mahali pako wazi. Ghala la nafaka lipo, nyumba ipo, nyasi zipo, kwa sababu mtafiti alikuja kutafuta ghala na nyumba kama alivyokuja kutafuta mtu. Ila wapo watu ndani yake ambao majina yao hayakuandikwa. Sisi leo tunaandika jina la kila mtu, na la mshonaji, na la aliyempaka poda, kisha tunafuta ghala. Sijui ni kipi kinaniuma zaidi. Nikitazama mzee asiye na jina aliyesimama mbele ya boma ninaloweza karibu kulinusa, namwonea wivu boma lake.

Tusisahau kwamba mtu anaweza pia kufutiwa mahali pake bila lenzi kuhusika. Iman, Msomali ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina hilo moja, alionwa na Peter Beard barabarani Nairobi mwaka 1975. Alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi, binti wa mwanadiplomasia, mwenye lugha kadhaa kinywani. Alikubali kupigwa picha kwa sharti kwamba alipiwe karo. (Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Mimi kwa karo ya mwaka wa tatu ningesimama mbele ya kamera yoyote, hata ya matatu.) Alipofika New York, waandishi wa habari walipewa hadithi ya msichana mchunga mifugo aliyepatikana nyikani. Beard alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, aliona uso ule kwa macho yake, na picha zenyewe zilikuwa nzuri. Lakini hadithi ilimpeleka mbali kabisa, mpaka jangwani, mji mzima na maktaba na barabara yake vikayeyuka. Kumbuka ni mtu mwenye jicho zuri aliyefanya hivyo.

Kwa hiyo mdogo wangu alipotaka kutuma picha nilikuwa mkali kidogo, na labda nilimchosha. Tulisoma pamoja masharti ya yule wakala. Na hapa vijana wa 85 wangeshangaa: hawakutaka ukungu hata tone. Walitaka mwanga wa mchana, ukuta mtupu, nywele zimefungwa, uso bila vipodozi, nguo ya kubana. Picha moja ya uso wa mbele, moja ya upande, moja ya mwili mzima. Mawakala wengi huomba hivyo kwanza. Wanataka kuona mifupa kabla lenzi haijaanza porojo. Na walitaka zisipigwe kwa karibu. Yaani ile picha ya shilingi 600 isingefika popote, si kwa sababu ya pua yake, ila kwa sababu ya miguu ya aliyempiga.

Nilimuuliza hatimaye kilichotokea siku ile studioni. Nilikuwa nimeshikilia habari za pua wiki nzima nikasahau kuuliza. Alikaa kimya, halafu akasema: "Alikuwa karibu sana. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Kila nikirudi nyuma anasogea, anasema lenzi yake lazima iwe karibu."

Nikaifungua tena ile picha. Mabega yamevutwa nyuma. Shingo imekaza. Kidevu kimeingia ndani kama cha mtu anayekwepa harufu. Nilikuwa nimeitazama mara 20 nikaona pua tu.

Hili halimo kwenye ushauri wowote wa lenzi niliowahi kusikia, na ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa mwalimu wa kazi hiyo. Kila lenzi inakuambia usimame wapi, na mahali unaposimama ni jambo kati ya watu wawili kabla halijawa jambo la picha. Kwa sentimita 40 mwanamume mgeni yuko ndani ya pumzi ya msichana, mlango umefungwa kwa sababu ya mwanga, na msichana amelipa kwa hiyo anaogopa kulalamika. Kwa mita 8 inabidi umpigie kelele, "Geuka! Inua mkono!" na stendi nzima inageuka kumtazama, na uso wake unafunga kama duka. Kwa mita mbili na nusu mnaweza kuongea kwa sauti ya kawaida. Anakusikia, humgusi. Akitaka kuondoka, mlango uko karibu naye kuliko wewe. Nafikiri nusu ya uzuri wa picha za watu zinazosifiwa eti kwa sababu ya lenzi ni huo tu, watu wawili wamesimama umbali wa salamu. Hata dani akipokea mgeni ndivyo anavyosimama.

Tulizipiga Jumapili baada ya kanisa. Ukutani kwa kinu cha posho, kwa sababu Jumapili mashine imelala na ukuta wake umepakwa buluu moja isiyo na maandishi upande wa nyuma. Lenzi ya kabatini, 55, kitundu kwenye f/8. Rafiki yangu alipiga, mimi nilishika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, waya aliketi kwenye gunia tupu akitoa maoni ambayo hayakuombwa. Kwa picha ya mwili mzima tulirudi hatua chache zaidi, na rafiki yangu akaishusha kamera hadi usawa wa kiuno. Alitaka kuishusha mpaka magotini na kuingia na 18, maana kwa njia hiyo miguu inarefuka, mitindo mingi hufanywa hivyo. Nikamwambia huyu miguu anayo, usimwongezee ya uongo, wakala atampima kwa futi.

Zile za wakala zilikwisha kwa dakika 10. Kisha nikaomba moja yangu. Nilimwomba mdogo wangu asogee kwenye kona ya kinu, pale ambapo nyuma yake kuna barabara inayoelekea Homa Bay, kibanda cha nyanya, pikipiki mbili, na trekta la miwa lililoharibika tangu Ijumaa, dereva wake amelala chini ya tela. Kitundu kilekile. Rafiki yangu alitazama kwenye kioo cha kamera akaguna. "Hii imejaa vitu."

"Acha ijae."

Mdogo wangu alikuwa akimcheka dereva, kwa hiyo hakujua ni lini kitufe kilibonyezwa. Uso wote uko wazi, na pua iko mahali pake, na trekta lote liko wazi, hadi namba yake ya usajili ambayo baadaye tuliifuta kwa heshima ya jamaa.

Wakala hajajibu bado. Ni wiki ya sita. Mdogo wangu hatazami simu kama zamani, ila ile ya trekta ameiweka kwenye wasifu wake, na marafiki zake wawili wamekuja studioni wakitaka "ile ya vitu vingi". Rafiki yangu amewapiga huku akinung'unika. Bado anachanga pesa za 85. Amefika nusu, na nikiwa mkweli, akiinunua nitakuwa wa kwanza kuomba kuijaribu.

Tulichapisha nakala moja ya karatasi kwa ajili ya dani. Aliishika mbali, kisha karibu, kisha akaipeleka mlangoni penye mwanga. Nilisubiri aseme jambo kuhusu mjukuu wake. Alitazama kona ya kushoto muda mrefu.

"Hiki si kinu cha yule jamaa?" akauliza. "Mwambieni bado ana debe langu la mahindi."